Gari Umeshanunua, Sasa Rudisha Thamostati

Mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni mnaostahili, wengine hamjambo. Nimepewa nusu saa. Barua ya mwaliko inasema nizungumzie namna ya kuchagua gari la mkononi, yaani lililokwisha kutumika Japani. Hiyo siizungumzi. Nimepita hapo nje nimeona magari tisa chini ya mwembe. Mmeshachagua, mkopo mmeshachukua, na kuuliza leo kama ulipaswa kununua ni kupeleka posa baada ya harusi. Tuzungumzie gari ulilo nalo, lenye kilometa 160,000 kwenye dashibodi, na Mungu ndiye ajuaye za kweli ni ngapi.

Ingawa hapo hata wewe unaweza kujua kidogo. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Mafundi wa Japani wakimwaga oili hubandika kikaratasi chenye tarehe na kilometa. Mara nyingine mwaka unahesabiwa kwa enzi ya mfalme wao. Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona 27, jumlisha 1988, unapata 2015. Sasa kama mwaka 2015 lilikuwa na kilometa 130,000 na leo dashibodi inasema 88,000, basi gari lako lilikuwa likitembea kinyumenyume.

Haya. Kilichonileta ni thamostati. Waliowahi kunisikia wameanza kucheka, wacheke tu. Gari hushuka bandarini likiwa nayo, likilala gereji ya kwanza linaamka halina. Ni kidude cha kuenea kiganjani, ndani kina nta. Maji ya injini yakiwa baridi, kinafunga njia ya kwenda rejeta, kile kipoza-maji cha mbele ya gari. Nta ikipata moto inatanuka, kinafungua. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya Toyota IST nyingi, kinaanza kufungua nyuzi 80 hadi 84. Fundi anakwambia, "Hiki cha nchi za baridi, bosi. Huku kwetu joto la kutosha." Anakitoa, anakitupa, anakulipisha elfu kumi kwa kukuibia.

Najua kuna mtu hapa anajisemea, mbona fundi wangu ana akili, Dar es Salaam si Hokkaido, kule Japani kwenye theluji. Mwalimu, joto la Dar ni nyuzi 32. Injini inataka 80 na zaidi. Kwa injini, Dar na Hokkaido zote ni baridi! Ikikosa thamostati inachelewa kupata moto, na kompyuta yake ikisoma kwamba injini bado baridi inaongeza petroli. Unasema bei ya mafuta imepanda, kumbe unamnywesha mgonjwa uji usiku na mchana. Na oili isiyopata moto haikaushi unyevu, inageuka ugali mweusi. Vigari vingi vya Toyota havina mshale wa joto, vina taa ya bluu inayosema injini ni baridi. Ukitoka nyumbani ikakusindikiza karibu mpaka kazini, huenda huna thamostati.

Nina mteja, mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mwenzenu. Alinunua IST, wiki ya kwanza akafanyiwa huo uungwana, rejeta ikajazwa maji ya kisima, yale ya Dar yenye chumvi. Miezi minane anazunguka mjini, hana neno. Desemba akapakia familia kwenda Mafinga. Mnaijua Kitonga: lori mbele, lori nyuma, gia ya kwanza, mlima hauishi. Gari likachemsha katikati ya kona. Akanipigia simu: "Fundi, si tulitoa thamostati ili lisichemshe?" Nikamwambia, tulitoa nani? Mimi simo!

Sikilizeni vizuri, maana hapa hata mafundi wanabisha. Kwenye injini nyingi thamostati ina mlango wa pili, upande wa nyuma. Inapofungua njia ya rejeta, huo wa pili unafunga kijia cha mkato kinachorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, kijia kinabaki wazi, na sehemu ya maji hayapiti rejeta kabisa. Barabara ya tambarare hutajua. Kitonga utajua. Mwalimu wetu, zaidi ya hapo, rejeta ilishashika magadi ya kisima, na mpira wa mfuniko wake umekufa. Mfuniko ule ndio unaoshika presha ili maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Ukivuja, yanachemka kwa 100 kama ya chai. Halafu abiria mwema akamwagia injini maji baridi. Hedi, kile kichwa cha injini, ikapinda. Kuchonga hedi, gasketi, kuvuta gari mpaka Iringa... Thamostati mpya angeipata Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar, na kulanti, ile dawa ya rejeta, na mfuniko, na asingemaliza hata nusu ya nauli ya breakdown.

Dakika ngapi? Tano! Mwenyekiti, umenionea.

Basi mbiombio. Oili: mwaga wiki hii, badili na filta, hata kama muuzaji kaapa. Hiyo 1NZ inakunywa lita 3.7. Msiweke ile nzito kama asali eti gari limezeeka. VVT-i, mtambo unaorekebisha muda wa vali kufunguka, inaendeshwa na oili kupitia vitundu vidogo sana, angalieni mfuniko au kitabu kinataka ipi. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini: 1NZ ina cheni, tulieni. Wenye Toyota Raum ya zamani yenye injini ya 5E mna mkanda, na Japani hubadilishwa kwenye kilometa 100,000. Tafuta kikaratasi ndani ya boneti. Usipokiona, hesabu haujabadilishwa.

Hydroliki, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki. Najua, najua, "ukibadilisha gia inakufa." Iliyokufa ilikuwa inakufa. Mwaga inayotoka kwa nati ya chini, rudisha kiasi hichohicho, ya aina ileile, rudia baada ya muda. Wenye CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, hydroliki yenu ni ya CVT tu, fundi akisema "zote ni sawa" chukua ufunguo uondoke. Matairi, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2316 ni kwamba limetengenezwa wiki ya 23 ya 2016, limezeeka hata kama kashata zake, yale meno ya tairi, bado ndefu. Breki na bushi tutaziona kwa macho.

Twendeni nje basi. Tuanze na hiyo Raum iliyolala hapa tangu jana. IST nyeupe iliyoingia sasa hivi itasubiri, tena wewe kijana uliyeshika kitambaa, toa mkono kwenye huo mfuniko wa rejeta!