Dakika 5 za Povu

REHEMA: Karibuni tena. Leo nimeandaa mambo matano kuhusu sabuni za fangasi, karatasi ninayo hapa. Lakini kaka Juma kaingia na lake, na nimeshamwona uso.

JUMA: Lipo, dada. Yale mabaka yangu ya mabegani, ule utangotango. Wiki 3 naoga kwa sabuni ya dawa, hakuna kinachobadilika. Jumanne nikarudi kwa mfamasia. Nilidhani ataniuliza ni sabuni gani, yeye akauliza: "Povu linakaa mwilini muda gani?" Nikamwambia napaka, nasuuza. Akasema, "Basi unayoitibu ni sakafu."

REHEMA: Alisema kweli. Dawa haijagusana na ngozi, itaua nini?

JUMA: Shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ya asilimia 2, ambayo hutumika hata mwilini kwa utangotango, maelekezo yake ni kuiacha dakika 5 ndipo usuuze. Sasa dada, umewahi kusimama dakika 5 na povu, maji umefunga?

REHEMA: Sijawahi.

JUMA: Ni ndefu! Siku ya kwanza nilikadiria tu kichwani. Nilipoona imetosha, nikatazama saa: dakika 1 na sekunde 40.

REHEMA: Kwa hiyo watu wengi wanaosema sabuni haifanyi kazi...

JUMA: Huenda hawajawahi kuipa nafasi! Ndiyo maana sasa nina mpangilio. Maji ya kwanza, kulowa tu. Povu naanza nalo mgongoni na mabegani, navuka ukingo wa baka, maana fangasi hawaishii pale jicho linapoishia. Nafunga maji. Napiga mswaki polepole. Nikimaliza mswaki, nasugua nyayo.

REHEMA: Kwa nini nyayo?

JUMA: Nina muda! Na mgongo usipoufikia, kitambaa kirefu, mkono mmoja juu, mwingine chini.

REHEMA: Hicho kitambaa unakifua?

JUMA: Kila siku, kinakauka juani.

REHEMA: Sawa. Ila usisugue kwa nguvu. Ngozi ikichubuka unakuwa na shida mbili. Hasa sabuni zenye salfa na asidi ya salisiliki, zile zinakausha na kubambua. Ukisikia inawaka, suuza, usingoje dakika zako. Na isipakwe kwenye kidonda.

JUMA: Nimeelewa. Swali la baridi sasa. Kusimama umelowa...

REHEMA: Juma, tuna mambo matano.

JUMA: Hili ndilo la kwanza, na watu wanakwama hapa! Kwenye baridi, lowesha sehemu yenye mabaka tu. Paka, ngoja, kisha uoge mwili mzima. Jana nimefanya hivyo, nimemaliza dakika zote.

REHEMA: Na mabaka?

JUMA: Rangi bado.

REHEMA: Rangi isikutishe. Fangasi wakishakufa, weupe unaweza kubaki miezi, mpaka ngozi irudishe rangi yake. Kwangua kidogo kwa ukucha. Ukiona unga unatoka, bado wapo.

JUMA: Basi mimi nawaambia wasikilizaji: una baka mwilini, anza na sabuni, wiki 2 au 3, dakika zote. Ikishindikana, nenda hospitali.

REHEMA: Hapo sikubaliani nawe.

JUMA: Kwa nini? Utangotango umejaa kila mahali. Huyo fangasi ni jamii ya hamira, anaishi kwenye ngozi za watu wazima karibu wote, jasho na joto vinamchochea tu. Watu wapange foleni kwa kila baka?

REHEMA: Umejuaje kuwa ni utangotango? Baka jeupe linaweza kuwa pumu ya ngozi. Linaweza kuwa ukoma, Juma. Baka lililokufa ganzi, ukiligusa huhisi, utalipaka povu wiki 3?

JUMA: Lenye ganzi aende siku hiyohiyo, sipingi. Nasema haya ya kawaida.

REHEMA: Mwenye baka hajui kama ni la kawaida! Na mapunye ya mtoto kichwani? Fangasi wameingia kwenye unywele wenyewe. Sabuni inapunguza kuambukiza wenzake, lakini kuponya ni dawa ya kumeza.

JUMA: Mimi nimesema mwilini, sikusema kichwani.

REHEMA: Mtu mwenye haraka atasikia "anza na sabuni", basi.

JUMA: Na mwenye kituo mbali atasikia "nenda hospitali", akae na muwasho mwaka mzima, au apake krimu ya steroidi ya jirani. Hiyo inatuliza wekundu huku fangasi wanaenea chini kwa chini. Bora sabuni.

REHEMA: Krimu hiyo tunaikataa wote. Lakini mtu aonwe kwanza.

JUMA: Aoge kwanza.

REHEMA: Aonwe.

JUMA: Hatutafika, dada.

REHEMA: Hatutafika. Na muda... zimebaki dakika 2. Karatasi yangu yote imebaki! Kuna taulo, kuna vidole vya miguu, kuna kusoma kiambato kwenye pakiti, maana sabuni ya kuua bakteria si ya fangasi.

JUMA: Taja la taulo haraka.

REHEMA: La kwako peke yako, na likauke kabisa. Mengine wiki ijayo.

JUMA: Wiki ijayo nitakuja na habari za mgongo.

REHEMA: Njoo umekwangua.