Programu ya mkopo imebeba nini kwenye simu yako? Shika simu tuangalie

Karibuni tena kibandani, Mwanjelwa, Mbeya. Kelele za makonda tuvumiliane.

Juzi dada mmoja kaniletea simu huku analia. Alikopa elfu hamsini kwa programu ya simu, kachelewa siku mbili tu, mama mkwe wake kule Tukuyu akapigiwa kuambiwa mkwewe tapeli. Namba waliipata wapi? Siku ya kwanza dada alibonyeza "Ruhusu" bila kusoma.

Haya, fungua Mipangilio. Shuka mpaka Faragha, ingia Kidhibiti cha ruhusa. Majina hupishana kati ya Tecno na Samsung. Ukipotea, andika "ruhusa" pale juu pa kutafutia.

Gusa Anwani. Siyo anwani ya posta, ni namba zote ulizosevu. Inakuja orodha ya programu zinazozisoma. Umeiona hiyo ya tochi? Tochi na namba za shangazi zako wapi na wapi! Iguse, chagua Usiruhusu. Ya mkopo nayo vivyo hivyo.

Rudi, gusa SMS. Hapa usiwe na haraka. Meseji za miamala zina salio lako, nani kakutumia, umelipa nini. Anayezisoma anakijua kipato chako kuliko mumeo. Zile namba za uthibitisho za benki nazo zinapita humohumo. Mimi naacha programu ya meseji yenyewe na ya benki ikilazimu. Nyingine zote nazima.

Mahali: chagua iruhusiwe unapoitumia tu. Basi.

Sasa sikiliza. Kufuta programu hakurudishi namba zilizokwisha kubebwa. Kwa hiyo kabla hujaifuta, piga picha skrini: jina la programu, meseji za vitisho, tarehe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Angalia kama yako imo. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kudai taarifa zako zifutwe, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Yule dada programu alishaifuta kwa hasira. Bahati nzuri meseji za vitisho alikuwa amemtumia mdogo wake. Tumezikusanya, jioni hii tunaandika malalamiko.