Unga mweusi kwenye kitunguu

Habari za mchana jamani, wa nyuma mnanisikia? Haya. Nimekuja na kitunguu, nimekinunua leo asubuhi, angalieni nikimenya ganda la juu, mnaona huu unga mweusi kama masizi? Msiupulize tafadhali. Huu ni ukungu, jina lake Aspergillus niger, na ukungu wa jamii hiihii ndo unatengeneza asidi ya sitriki iliyoko kwenye soda na pipi, geuza chupa utaona wameandika E330, watu wanadhani ni limau kumbe wala.

Zamani ilikuwa limau kweli, na Waitalia ndo walishika soko. Mwaka 1917 James Currie kule Marekani akaonyesha kwamba ukungu huu ukipewa sukari nyingi kwenye maji yenye ukali unatema sitriki kwa wingi, 1919 Pfizer wakaanza kuzalisha Brooklyn, ukungu unaelea kwenye masinia kama utando juu ya maziwa. Leo dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka.

Sasa hapa ndo penyewe. Ukungu ukipata kila kitu unakua tu, unanenepa, asidi huioni. Ili uteme inabidi uumwagie sukari, gramu 100 na zaidi kwa lita, hewa isikatike, pH ishuke chini ya 3, yaani maji yawe makali sana, halafu uunyime madini ya manganizi, na kuunyima nikisema namaanisha maikrogramu chache kwa lita zinatosha kuharibu mzigo. Mimi nikiwa mwanafunzi nilipoteza wiki tatu kwa sababu ya maji ya bomba! Kwenye darubini unaona wazi, ukinyimwa nyuzi zake zinakuwa fupi, nene, zinajiviringa kama punje, ukipewa zinatambaa ndefu mpaka tangi zima linakuwa uji mzito, hewa haipenyi.

Ndo maana nawaambia molasi ya kwetu, ule uji mweusi unaobaki kwenye viwanda vya sukari, ya Kilombero, ya Mtibwa, ya TPC Moshi, ina sukari karibu nusu ya uzito wake lakini imejaa madini, huwezi kuimwaga tangini hivihivi, lazima uyatoe kwanza, viwanda vingi vimetumia ferosayanidi, kemikali inayoyanasa hayo madini. Hapo ndo nataka vijana mjikite, kwenye kuisafisha molasi.

Darubini mbili ziko pale mezani, ya kushoto haina manganizi, njooni muone wenyewe.