MIMI WA TANGA, KWANINI NALIPA VIZA KWENDA TANGA? Na kwanini wanangu wanameza dawa ya malaria

Haya assalam aleikum, hamjambo nyote, Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Muheza, Pangani, nawaona kwenye komenti. Leo sipiki wala siwapeleki dukani, leo najibu swali, maana kila nikipandisha video ya safari linakuja lilelile, dada wewe si mtu wa Tanga, viza ya nini, na hao watoto wanamezeshwa dawa za malaria kwani wanaumwa? Na nikijibu najua wapo watakaosema anaturingishia pasi ya Ujerumani, na wengine watasema analalamika nini, si arudi. Semeni tu, ila nisikilizeni kwanza.

Pasi yangu mimi ni ya Ujerumani. Wajerumani wenyewe tangu Juni 2024 hawamlazimishi mtu kuacha uraia wake wa zamani, ni sheria ya kwetu ndiyo haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, ukichukua huu ule umeondoka. Kwa hiyo mwenye kuniandikia kila wiki kwamba nimeikana nchi, mimi sijaikana, mama yangu yuko hapo barabara ya ishirini na kila mwezi najua mchele wake umefika wapi.

Basi kwenye makaratasi naingia kama mgeni. Viza dola 50 kwa kichwa, na mtoto naye ni kichwa, hakuna nusu. Tuko wanne, dola 200 hizo zimeondoka hujanunua hata chungwa la Muheza. Wenye pasi ya Marekani wanalipa dola 100 kila mmoja, angalau wao wanaingia na kutoka mwaka mzima, yangu mimi ni ya kuingia mara moja tu, mwisho siku 90. Halafu unafika nyumbani mtu anapekua begi anauliza mbona mwaka huu zawadi chache. Inaniuma jamani, acha niseme ukweli.

Unaweza kulipia ukifika, uwanja wa ndege au hata Horohoro, mpakani na Kenya, ila mimi na watoto na foleni hapana, naomba mapema mtandaoni. Anwani ni visa.immigration.go.tz, hiyo hiyo. Kuna tovuti zimepambwa na bendera zinafanana na ya serikali, mwenzangu mmoja alilipa huko karibu mara mbili na viza haikuja, ikabidi alipe tena uwanjani. Na pasi iwe na miezi sita mbele, usingoje kuambiwa kaunta.

Kadi ya njano sasa, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hapa ndipo watu wa Tanga tunapokamatika. Ukitoka Ulaya moja kwa moja huulizwi. Ila ukitoka nchi yenye homa ya manjano, au ukikaa uwanja wa nchi hiyo zaidi ya masaa 12 unangoja ndege, unatakiwa uwe nayo, na mtoto kuanzia mwaka mmoja pia. Kenya imo, Ethiopia imo. Na sisi nani ana harusi asiyekuwa na ndugu Mombasa? Unavuka kwenda harusini, kurudi Horohoro wewe na watoto mnadaiwa kadi. Huku Ujerumani chanjo hiyo hachomi kila daktari, ni vituo vyenye kibali tu, kupata nafasi ni kungoja, na ichomwe angalau siku 10 kabla. Ila ukishachoma umechoma, tangu 2016 kadi ni ya maisha, anayekwambia miaka kumi anakwambia habari za zamani. Na kuingia Kenya kwa pasi hii kuna kibali cha mtandaoni, dola 30 nyingine, wakati kwa pasi ya Tanzania nilikuwa napita tu.

Malaria. Hapa naombeni mnielewe, si uzungu. Mtu aliyekulia Tanga mwili wake umejenga kinga kidogo kwa kuumwa na kupona, ukikaa nje miaka hiyo kinga inashuka, na wanangu waliozaliwa Hamburg hawana kabisa. Malaria ya kwetu nyingi ni ya aina ya falciparum, ile inayopanda kichwani. Kwa hiyo hawaumwi, wanameza Malarone, dawa ya kukinga malaria, kila siku na chakula, wanaanza siku moja kabla, wanaendelea siku zote za likizo na siku saba baada ya kurudi, hizo saba ndizo watu wanazikatisha. Na chandarua juu yake, tena nakichomeka chini ya godoro pande zote na kumsogeza mtoto katikati, maana akilala mguu umegusa wavu, mbu anamng'ata kwa nje. Shangazi alinuna, akaona kama nasema nyumba yake chafu. Shangazi, si nyumba, ni mbu!

Na ukirudi huku, homa yoyote ndani ya miezi mitatu, sema umetoka Afrika na udai kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Mtoto wa rafiki yangu alirudishwa nyumbani na dawa ya mafua, akalazwa baadaye hali mbaya. Hapo sina utani.

Usalama sitasema sana, Tanga mnaijua. Mimi naogopa bodaboda bila helmeti kuliko kibaka. Kampuni moja ya bima ilinipandishia bei kwa sababu ya tahadhari ya usalama ya mpaka wa Msumbiji, huko Mtwara, nikawatumia ramani, waone Tanga ipo upande wa Kenya, bado wakang'ang'ania. Mifuko ya rambo iacheni, marufuku tangu Juni 2019. Na kulipana kwa dola ndani ya Tanzania kumekatazwa tangu Machi 2025, badilisha upate shilingi.

Haya ni yangu mimi na familia yangu. Mwenye presha, sukari au mimba asinifuate mimi, amuone daktari wake kabla ya kukata tiketi, na dozi ya wanangu msiiombe inbox, imepimwa kwa kilo zao.