Umeme wa Akiba Nyumbani: Mhadhara kwa Wakazi wa Houston

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za jioni.

Tuliokuwa hapa tarehe 8 Julai 2024 tunaikumbuka Beryl. Kilikuwa kimbunga cha daraja la 1, la chini kabisa, lakini nyumba na biashara zaidi ya milioni 2 zilikosa umeme, nyingine kwa zaidi ya wiki. Na joto la Julai mnalijua.

Kila baada ya dhoruba naulizwa: fundi, ninunue jenereta gani? Nami huuliza kwanza: kwako ni kitu gani hakiwezi kuzimika? Mama mmoja alinijibu papo hapo: friji, kwa sababu ya insulini. Tukaanzia hapo. Friji ya kawaida hula kama wati 150, ila kompresa ikishtuka huvuta mara kadhaa ya hizo, ndiyo maana kijenereta kidogo mno hushindwa. Kwa siku ni kama uniti (kWh) moja na nusu. Betri ya lithiamu ya uniti 2 itakuvusha siku moja. Ya pili na ya tatu, washa jenereta ya wati 2,000 saa chache, chaji betri, zima. Petroli itadumu, na vituo vya mafuta navyo havina umeme siku hizo.

AC ya nyumba nzima ni gharama nyingine kabisa. Ndogo ya dirishani, wati 500, inatosha mkilala wote chumba kimoja.

Wenye sola bila betri, mjue mifumo mingi hujizima gridi ikikatika, umeme wake usije ukarudi kwenye nyaya za mtaani ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Kwa sababu hiyo hiyo, usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani. Fungiwa chenjiova, swichi inayoitenga nyumba na gridi jenereta ikiwaka.

Sasa linalonikosesha usingizi. Sote tulikua tukionywa tusilale na jiko la mkaa ndani. Jenereta hutoa sumu ile ile, kaboni monoksidi, isiyo na harufu, tena kwa wingi zaidi. Kwenye baridi ya Februari 2021 watu walikufa hivyo hapa Texas. Gereji iliyo wazi haifai, baraza haifai. Iwe mita 6 kutoka nyumbani, moshi uelekee mbali na madirisha. Mvua ikinyesha, izime, msiiingize ndani. Na siku mnayoinunua, nunueni pia ekstensheni nene ya nje, ya mita 15, maana waya mfupi ndio unaoivuta jenereta mpaka mlangoni.