Mshindi Anaumwa: Maharage, Rula na Darasa la Tatu

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni. Nimekuja na kopo, tuone jinsi ya kuwafundisha watoto kupima mche unavyokua. Lilikuwa la maziwa ya unga, sasa lina udongo na maharage matatu niliyochambua kwenye kilo ya kupika, sokoni Mwanga. Mbegu za dukani mara nyingi hupakwa dawa, na mtoto wa darasa la tatu hachelewi kutia kitu mdomoni. Na asiniambie mtu tupande chikichi kwa kuwa ndiyo sifa ya Kigoma yetu. Ile hukaa ardhini miezi na miezi. Muhula utakwisha mnatazama udongo.

Loweka usiku kucha, fukia kama sentimita 2. Baada ya siku tano hadi nane shingo iliyopinda inapasua udongo, na darasa zima linapiga kelele: "Mwalimu, mbegu imetoka nje!" Kweli imetoka. Harage hupanda na ghala lake la chakula. Punje ya hindi huliacha lake chini. Panda yote mawili, usiwaambie mapema.

Kupima ndiko kulikonitesa. Binti mmoja aliniletea sentimita 7, jirani yake 6 na nusu, mche uleule. Nikawagombeza wote. Kumbe sifuri ya rula ile haiko ukingoni, iko nusu sentimita ndani. Binti alikuwa ameikita udongoni mpaka sifuri ikalingana na uso wa udongo. Mwenzake aliisimamisha juu juu tu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Kwa wadogo zaidi, acha rula: kata ukanda wa karatasi sawa na kimo cha mche, bandika ukutani, kesho mwingine pembeni yake. Baada ya wiki mbili grafu imejichora.

Kopo moja lifungie kabatini. Mche wa humo utawapita wa dirishani kwa urefu, maana unatafuta mwanga, lakini utakuwa mwembamba, wa njano, umelegea. Kijana mmoja alitazama jedwali la vimo, akautazama mche, akauliza: "Mwalimu, mbona mshindi anaumwa?" Siku hiyo tukaongeza safu mbili ubaoni, idadi ya majani na rangi.

Ambalo halikuota liandikiwe 0 kila siku. Usilibadilishe kimyakimya usiku.

Nalipitisha kopo mlione. Mawili yameota. La tatu bado, na tafadhali msilifukue. Wanafunzi wangu wameshalifukua mara mbili.