Ndege wa Saa za Kazi

ZUHURA: Karibuni tena, jamani, kwenye kipindi chetu cha kutazama ndege na kuwapiga picha kwa simu. Mimi Zuhura, mhasibu, na leo nimetoka ofisini mbio maana ni mwisho wa mwezi na hesabu zimegoma kufunga. Fundi wangu yupo.

MUSA: Yupo. Musa, fundi AC. Mikono nimenawa ila shati bado linanuka gesi, mtanivumilia.

ZUHURA: Msikilizaji mmoja katuuliza: nyie hao ndege mnawaona saa ngapi, na kazi mnafanya saa ngapi? Swali limenichoma, kwa sababu bosi wangu naye husikiliza hiki kipindi.

MUSA: Mimi sina cha kujitetea, kazi yenyewe iko juu ya paa. Nikiwa ghorofa ya sita Kariakoo nafungua mashine ya nje, mwewe anapita chini yangu. Chini yangu, Da Zuhura! Wengi wetu mwewe tunamjua tumbo. Mimi namwona mgongo, kahawia mtupu, na ule mkia wa panda anaupinda huku na huku, ndio usukani wake.

ZUHURA: Picha iko wapi?

MUSA: Ninazo picha kumi na nne za paa la jirani. (Kicheko) Simu inatafuta, inatafuta, ikishampata yeye keshafika Ilala.

ZUHURA: Tuonyeshe basi ile ya kiota.

MUSA: Ah, ile ilitulia kwa sababu mayai hayaruki. Mteja alinipigia, AC inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Napanda, nakuta kunguru kajenga kati ya mashine na ukuta. Kijiti hakuna hata kimoja! Vipande vya waya wa umeme, waya wa kufungia nondo, hanga ya nguo imepindwa vizuri kabisa, na ndani katandika nywele za rasta. Juu yake mayai matatu, bluu inayoelekea kijani, yana madoa ya kahawia. Kelele ilikuwa ncha ya ile hanga inagusa feni.

ZUHURA: Kunguru gani, mwenye kifua cheupe?

MUSA: Hapana, huyu wa shingo ya kijivu. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hawa wa Dar hawakimbizi chochote, walinishambulia kichwani mpaka nikavaa helmeti ya bodaboda juu ya paa.

ZUHURA: Huyo wa kijivu ni mgeni, asili yake India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kula taka za mji, akavuka bahari na kuenea pwani nzima. Tatizo hali taka peke yake, anakula mayai na makinda ya wenzake. Kenya mwaka 2024 shirika lao la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Na huku kwetu wametegwa na kuwekewa sumu, wewe mwenyewe unaona matokeo yake ukiwa juu ya paa.

MUSA: Naona wako wengi kuliko madishi.

ZUHURA: Sasa mimi dirishani kwangu, Upanga, kuna mnazi. Mimi sipandi paa, nakaa kwenye kiti kwa muda wa saa nane kila siku. Lakini ule mnazi una koloni la mnana, na nimejifunza mambo pale ambayo sikuyatarajia kazini. Dume anatua kwenye ukuti, anang'ata ukingo karibu na mzizi wa jani, halafu anaruka akiwa ameshikilia. Uzito wake ndio unaochana. Anaondoka na utepe mrefu, mwembamba, umenyooka kama umepigwa rula. Anachofunga kwanza ni pete. Pete tu inaning'inia, na yeye anasimama ndani yake, anasuka upande huu mpaka mdomo unapofika, anageuka upande ule.

MUSA: Bila kutoka kwenye pete?

ZUHURA: Bila kutoka, ndio kipimo chake hicho. Kikiisha ananing'inia chini kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa, anaita. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyasi kwa ndani. Juzi nilihesabu, majike watatu wameingia wakatoka. Kiota kikishakauka na kugeuka kahawia hakuna anayekitaka tena. Ikafika saa nne, naenda kunywa chai, narudi namkuta dume mwenyewe anakibomoa, utepe mmoja mmoja, anautupa kwenye maegesho. Gari la meneja lilijaa majani.

MUSA: Mafundi wenzangu. Mteja akikataa kazi, unafungua vyuma vyako unaondoka.

ZUHURA: Picha zake zilinitesa mwezi mzima, kila nikipiga naiona sura yangu na taa za ofisi. Dawa niliipata kwa bahati: bandika simu kwenye kioo kabisa, kamera iguse kioo kama stika. Mwangaza wa nyuma hauna pa kuingilia. Ila kama kioo kina tinti, picha inaweza kutoka na rangi yake, hilo usihangaike nalo.

MUSA: Mimi tatizo langu ni anga. Ndege juu ya mbingu nyeupe anatoka mweusi kama kivuli.

ZUHURA: Mguse kwenye skrini, kisha pandisha ule mwanga kwa kidole. Anga litaungua, liache liungue, unamtaka ndege.

MUSA: Na ukifika saa sita mchana?

ZUHURA: Saa sita mchana Dar mimi nakula.

MUSA: (Kicheko) Haya, waambie ya Jangwani.

ZUHURA: Napanda Mwendokasi kutoka Kimara, nasimama upande wa dirisha. Pale Jangwani maji yakituama wanakuwepo yangeyange, na kwa miaka nilidhani wote ni wamoja, weupe basi. Siku moja basi limesimama kwenye foleni, mmoja yuko karibu, mdomo mweusi, miguu myeusi, halafu ananyanyua mguu kutoka kwenye tope: vidole vya njano! Kama kavaa soksi. Wale wanaofuata ng'ombe mdomo wao mfupi na wa njano. Nikapiga kupitia kioo kichafu, kuna kiwiko cha abiria kwenye kona. Picha mbaya, mbaya sana. Lakini vidole vya njano vinaonekana, na simu imeandika siku na saa. Nikaiweka eBird, ule mtandao wa kurekodi ndege ulioonao, hivyo hivyo na kiwiko chake.

MUSA: Mimi hizo mbaya nilikuwa nazifuta.

ZUHURA: Hata ile ya mwewe na paa?

MUSA: Ile... mwewe hayumo, dada yangu.

ZUHURA: (Kicheko) Sasa ya mlinzi. Kuna ofisi moja karibu na kazini, sitaji jina. Nilisimama nje ya ukuta wake jioni, nimeinua simu. Mlinzi akaja, "Mama, hapa picha haturuhusu." Ana haki, mjini hapa ukipiga picha hovyo utaulizwa. Nikamwonyesha simu nzima, nikamwambia namtafuta ndege anayelia usiku, sauti kama filimbi inayoanza taratibu halafu inakimbia na kufifia. Akanitazama. Akasema, "Huyo chekeamwezi. Wako wawili. Mchana wanalala pale nyuma ya tangi, wamekaa chini kabisa kwenye kokoto, utawakanyaga."

MUSA: Mlinzi wa zamu ya usiku bwana! Nani mwingine angejua?

ZUHURA: Na kweli. Siku ya pili aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akanisindikiza. Niliangalia zile kokoto dakika nzima, sioni kitu. Ananielekeza kwa kidole: "Jicho lile." Nikaona jicho. Kubwa, la njano, linanitazama. Ndipo ndege akatokea kuzunguka lile jicho, michirizi yote ile ya kahawia na mchanga. Nilipiga picha tatu nikarudi nyuma, sikutaka wainuke.

MUSA: Wenzetu wa Nairobi wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, wanaanzia makumbusho ya taifa. Jumatano! Siku ya kazi kabisa. Niliuliza, nikaambiwa ni ya miaka mingi.

ZUHURA: Ya tangu miaka ya 1970, aliyeanzisha ni mama Fleur Ng'weno. Hebu niombee ruhusa kwa bosi wangu.

MUSA: Si anasikiliza? Muombe hapa hapa.

ZUHURA: Tumalize kipindi, Musa.

MUSA: Subiri, simu inaita. Huyu ni yule wa hanga. Haloo? ... Inapiga kelele tena? Mashine ile ile? ... Sawa mzee, nakuja kesho asubuhi. Usiiguse. Naomba usimruhusu mtu apande, nataka nipige picha kwanza.